Kuficha siyo kutunza, dada!

Leo nawaletea aibu yangu mwenyewe, msinicheke.

Jirani yetu wa Upanga, mama mmoja Mhindi aliyenilea kama mwanawe, alipohamia kwa watoto wake Uingereza aliniachia sari aliyoolewa nayo mwaka 1971. Siyo zile za kupima kwa mita dukani, ati! Ni patola, hariri tupu, iliyofumwa kwa mkono huko Patan, Gujarat. "Mwanangu, uwe unaivaa," akaniambia. Hilo nikalisikia kwa sikio moja.

Ngoja niwape somo kidogo. Fundi wa Patan hachapi maua juu ya kitambaa. Anafunga nyuzi mafundo mafundo na kuzitia rangi kabla hajafuma, za urefu na za upana zote. Kisha wanakaa watu wawili, wanasogeza uzi kwa sindano mpaka ua likutane na ua. Uzi ukihama, tembo anageuka mbuzi! Sari moja inakula miezi sita, pengine mwaka. Bei ya mpya unapata pikipiki, tena chenji inabaki.

Basi mimi, kwa heshima zote, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikamwagia vile vidonge vyeupe vya mende, nikafungia sandukuni. Miaka saba! Kila harusi nasema "hii siyo ya kuchezea," naenda na gauni la kuazima.

Juzijuzi mama akapiga simu. Anakuja Dar, anataka anione nimeivaa kwenye sherehe yangu ya kuagwa. Mbio sandukuni. Jamani! Rangi bado inawaka kama jana, lakini kila palipokunjwa hariri imekatika, mistari mistari kama karatasi kuukuu. Harufu ya ukungu ndiyo usiseme.

Fundi mmoja wa Kisutu akanipa dozi yangu. Hariri inataka kupumua, na kwa joto na unyevu wa Dar, nailoni ni kaburi. Ifunge kwenye shuka jeupe la pamba. Kila baada ya miezi mitatu ikunjue, ipunge upepo kivulini, halafu ikunje upya mahali pengine. Manukato jipulizie mwenyewe kabla ya kuvaa, siyo juu ya sari, hasa yenye zari. Sabuni ya unga usiisogeze. Mpelekee dobi wa drai klina.

Mama akafika. Nikamwonyesha huku machozi yananitoka. Akaishika, akacheka kidogo. "Nilikwambia uivae, mwanangu. Nani alikwambia uilinde?" Akachukua mkasi, akakata kipande kilichopona, akanitupia mabegani. Nikaagwa na mtandio wa tembo, na ukumbi mzima ukageuza shingo.

Haya, na wewe kabatini umefungia nini? Kakitoe leo. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!