Tahariri: Hasara ya maembe huanzia chini ya mwembe

Mfanyabiashara anayenunua maembe Imbo akavuka nayo Gatumba au Kobero anaijua hasara hii: embe zuri kwa nje, ukilipasua ni funza watupu. Lawama humwangukia mkulima, kisha dereva aliyechelewa mpakani. Wachache hutazama ardhi.

Nzi anayesumbua zaidi, ambaye wataalamu humwita Bactrocera dorsalis, asili yake ni Asia. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na baada ya miaka michache alikuwa ameenea sehemu kubwa ya Afrika. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai ndani ya embe. Funza wakishiba hutoka, hujichimbia udongoni, wengi wao katika sentimita 5 za juu tu, na kugeuka pupa. Kwenye joto kama la Imbo, baada ya siku 10 hivi nzi mpya anaruka.

Uhai wa pupa huyo unategemea udongo. Ukiwa tifutifu wenye unyevu wa kiasi, wengi hupona. Ukikauka mno, pupa hunyauka. Maji yakituama, hukosa hewa. Udongo mgumu humchelewesha funza juu, na hapo sisimizi na kuku hawamwachi. Kwa hiyo mvua inapolainisha ardhi huku maembe yanaiva, nzi amepata chakula na kitanda kwa pamoja. Anayepulizia dawa majani peke yake ameacha kizazi kijacho salama chini ya miguu yake.

Dawa ya bei nafuu ni jembe: kuokota maembe yaliyoanguka kila siku, kuyafukia nusu mita kwenda chini, na kuparuaparua udongo chini ya mwembe ili pupa wabaki wazi. Kituo cha icipe cha Nairobi kimefanyia kazi pia kuvu wa Metarhizium, anayetiwa udongoni kuwaua.

Lakini na sisi wa sokoni tumo. Maembe mabovu tunayoyamwaga nyuma ya soko, au kando ya foleni ya malori, yanapanda nzi pale pale, upande wowote wa mpaka.

Kenya ilisimamisha yenyewe kuuza maembe Umoja wa Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi, ikarudi 2021. Sisi wa Jumuiya tuna cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Cheti hicho kinaeleza embe limetoka wapi, funza hakiwataji.

Gazeti hili linataka kituo cha pamoja cha Kobero na Kabanga, na soko kila linalopokea matunda, kiwe na shimo refu lenye mfuniko kwa ajili ya maembe yaliyokataliwa, na mkaguzi mwenye kisu, si mhuri peke yake. Vyama vya wafanyabiashara navyo vimwongezee bei kidogo mkulima anayeokota maembe yaliyoanguka. Nyongeza hiyo ianze msimu huu, kabla mashimo hayajachimbwa.