Si Uvivu wa Karani, ni Ubaya wa Mpango

Bwana Mhariri na ndugu wanachama,

Kuna neno moja ambalo limesemwa juu yetu mara nyingi hata limekuwa kama sala ya asubuhi, nalo ni hili: karani ni mvivu. Mtu akicheleweshewa stakabadhi yake, karani ni mvivu. Barua ikikaa majuma matatu pasipo kujibiwa, karani amelala. Wakubwa hulisema mikutanoni, raia hulisema barazani, na baadhi yetu wenyewe hulikubali wakainamisha vichwa. Mimi nalikataa. Sisemi kwamba hapana wavivu miongoni mwetu. Wapo, kama walivyo katika kila kazi. Lakini nasema kwamba sehemu kubwa ya muda unaopotea afisini haipotezwi na mtu. Hupotezwa na mahali: meza ilipowekwa, kabati liliposimamishwa, dirisha lilipotobolewa, na muhuri ulipofungiwa. Na vitu hivyo vyote, ndugu zangu, havikupangwa na karani.

Asiyesadiki na achukue kalamu tuhesabu pamoja. Tuseme masjala ipo hatua 40 kutoka meza ya karani, naye humpasa kuiendea mara 25 kwa siku kutafuta majalada. Kwenda na kurudi ni hatua 80, na mara 25 ni hatua 2,000. Hatua moja tuifanye sentimita 75. Basi kwa siku amekwenda mita 1,500. Kwa siku 250 za kazi katika mwaka, karani huyu mmoja ametembea kilomita 375, yaani karibu na safari ya Dar es Salaam hata Morogoro na kurudi, kwa miguu, akiwa ndani ya nyumba moja. Hapo hatujahesabu kumngoja mtunza majalada, wala kusimama mlangoni kumpisha mkubwa, wala kurudi mara ya pili kwa kuwa jalada lililoletwa silo. Na mwisho wa mwaka huyu ndiye anayeandikiwa kwamba kazi yake ni ya polepole.

Naijua afisi moja, ambayo sitaitaja, ambamo mtu aliyekuja kuomba hati ndogo tu hupewa fomu katika dirisha la upande wa mashariki. Fomu ikiisha kujazwa, hutumwa kulipa ada kwa mtunza fedha, naye yumo katika jengo la pili ng'ambo ya ua. Hurudi na stakabadhi, akaambiwa angoje jalada litafutwe, na masjala iko nyuma kabisa, karibu na ghala. Jalada likipatikana hupandishwa ghorofani, kwa kuwa muhuri umo katika chumba cha mkubwa. Kisha hushushwa tena hata dirisha la mashariki. Mzee aliyetoka kijijini alfajiri hukosa gari la jioni kwa ajili ya hati ambayo kuiandika kwake hakuzidi dakika 10. Nikauliza, muhuri unafanya nini ghorofani? Nikajibiwa kwamba mkubwa yuko ghorofani. Na mkubwa yuko ghorofani kwa sababu gani? Kwa sababu huko kuna upepo.

Hapo ndipo penye shina la jambo hili. Afisi nyingi hupangwa kwa cheo, hazipangwi kwa kazi. Chumba kikubwa chenye madirisha mawili hupewa mwenye cheo kikubwa, hata ikiwa kwa siku haingii mtu kwake zaidi ya watano. Na makarani wanaohudumia mamia husongamanishwa katika chumba chenye mlango mmoja. Kila mmoja hupimiwa nafasi kwa mshahara wake, wala hapana aulizaye: karatasi inatoka wapi, nayo inakwenda wapi?

Wengine watasema kwamba majengo tumeyarithi. Ni kweli, na yafaa tukumbuke yalijengwa kwa nia gani. Boma la Bagamoyo, lililojengwa na Wadachi mwaka 1897, lilitumika baadaye kuwa afisi ya wilaya. Boma ni ngome. Kuta zake na malango yake vilifikiriwa na watu waliotaka kutawala na kujilinda, si watu waliotaka raia aingie upesi, ahudumiwe, aende zake. Twaweza kusamehe ukuta wa kale. Lakini twawezaje kuwasamehe wale wajengao jengo jipya, kwa saruji mpya na fedha za kodi, kisha wakaupanga undani wake kama boma lile lile?

Katika nchi nyingine watu walikwisha kulifikiri jambo hili zamani. Frank Gilbreth, mwashi wa Marekani, alitazama jinsi matofali yanavyojengwa, akaona kwamba fundi huinama kwa kila tofali, akainua mwili wake wote kwa ajili ya kitu kidogo. Akatengeneza jukwaa linalopandishwa kadiri ukuta unavyopanda, matofali na udongo vikawekwa karibu na mkono. Frederick Taylor aliandika mwaka 1911 kwamba kwa njia hiyo miondoko 18 kwa tofali moja ilishuka hata 5, na fundi aliyekuwa akijenga matofali 120 kwa saa akajenga 350. Fundi ni yule yule, na mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali pa tofali.

Hata Maandiko yanalo fundisho hili. Tunasoma katika kitabu cha Kutoka kwamba Musa alikuwa akiwaamua watu peke yake, nao wakisimama kutwa nzima. Yethro mkwewe alipoona hivyo hakumwambia Musa kwamba ni mvivu. Alimwambia kwamba mpango wake haufai, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, ili shauri dogo liishe kwa mkuu mdogo na lile kubwa tu limfikie yeye. Ule muhuri wa ghorofani ungaliteremshwa na Yethro siku ile ile.

Mwaka 1961 mhandisi wa Marekani, Richard Muther, alitoa kitabu chenye njia ambayo karani yeyote aweza kuifuata. Andika orodha ya sehemu zote za kazi, kisha kwa kila sehemu mbili jiulize: je, yafaa zikae karibu? Jibu huandikwa kwa herufi moja, na herufi hizo ni zile zile tulizoziimba darasa la kwanza: A, E, I, O, U. A maana yake ni lazima kabisa zikaribiane. E, ni muhimu sana. I, ni muhimu. O, ni jambo la kawaida tu. U, si kitu. Na X ni kwamba zisikaribiane kamwe. Dirisha la fomu na mtunza fedha: A. Karani wa barua na masjala: A. Chumba cha mkubwa na dirisha la fomu: labda O. Jiko la chai na ghala la majalada: X, kwa sababu ya moto na panya. Kazi hii ni ya alasiri moja, haitaki mtaalamu wa kulipwa posho. Lakini inataka wale wanaojua njia ya karatasi waulizwe, na hao ni sisi.

Mwaka huo huo wa 1961 John Little, naye wa Marekani, alithibitisha hesabu nyingine inayotuhusu: wastani wa watu waliomo barazani ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa saa, mara saa ambazo kila mmoja hukaa. Wakiingia watu 30 kwa saa, na kila mmoja akikaa saa 2, barazani watakuwamo watu 60. Wakubwa wakiona watu 60 husema, jengo ni dogo, tuombe fedha za baraza jipya. Lakini ukipanga njia ya hati hata mtu akae nusu saa tu, wale wale 30 kwa saa watakuwa 15 barazani, na benchi moja litawatosha. Baraza halikuwa dogo. Kukaa ndiko kulikokuwa kurefu.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Jirani zetu wa Kenya walifungua Novemba 2013, katika jengo la Posta jijini Nairobi, kituo cha kwanza cha Huduma, ambamo kazi za idara mbalimbali ziliwekwa chini ya dari moja. Shabaha yake ilikuwa raia asizunguke mji mzima kwa shughuli ambazo kwake ni moja. Sisemi kwamba hapana kasoro huko. Nasema kwamba mtu fulani alikaa akafikiri kwa upande wa yule anayengoja.

Sasa niwajibu wapinzani. Wa kwanza atasema, mchagua jembe si mkulima. Methali ni njema, lakini haimhusu karani. Mkulima halichagui jembe, walakini sijaona mkulima aliyelaza jembe lake ng'ambo ya mto huku shamba lake liko huku.

Wa pili atasema, ngojeni, kompyuta zitayamaliza yote. Kompyuta ni chombo kizuri, nami naitumia kila siku. Lakini ikiwa ombi lapita mikono tisa pasipo sababu, kulipitisha katika kompyuta tisa ni kule kule kuzunguka, ila sasa mzunguko hauonekani kwa macho. Kwanza nyosha njia, ndipo ununue gari.

Wa tatu ni ndugu yetu mwenyewe, na hoja yake ina uzito. Anasema: tukirahisisha kazi, watatupunguza. Hofu hii si ya kijinga. William Leffingwell, aliyeingiza mafundisho ya Taylor katika afisi, alipiga hesabu kwamba kama kila karani atakwenda futi 100 kwa wastani kunywa maji, makarani wa afisi moja kubwa watatembea maili 50,000 kwa mwaka. Hesabu yenyewe ni nzuri, lakini shabaha yake ilikuwa muda wa tajiri, si kiu ya karani. Vivyo hivyo kiwanda cha Ford huko Highland Park. Mwaka 1913 mpango mpya ulianza kushusha kazi ya kuunga chasisi kutoka zaidi ya saa 12 hata saa 1 na nusu hivi, lakini wafanyakazi walichoka wakakimbia kwa wingi, hata Januari 1914 Ford akatangaza dola 5 kwa siku na kupunguza saa za kazi kutoka 9 hata 8.

Fundisho ni nini? Si kwamba tuukatae mpango. Ni kwamba mpango ukifanywa na wengine utafanywa juu yetu, nasi tutapimwa kwa saa mkononi kama punda wa mashindano. Tukiufanya sisi, tutapima karatasi badala ya kumpima mtu. Na saa itakayookolewa tudai ilipwe kwa kazi iliyolimbikizwa, kwa mafunzo, na kwa kwenda nyumbani kwa wakati, si kwa kumfukuza mwenzetu. Mwenye kunyamaza kwa hofu haikingi kazi yake. Amewaachia wengine kalamu tu.

Wa nne atasema, hiyo si kazi ya makarani. Huyu na akumbushwe kwamba Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka 1922, alikuwa karani. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia na Francis Lwamgira kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Ikiwa karani aliweza kuulizwa juu ya nchi tatu, mbona sisi tusiulizwe juu ya kabati?

Kwa hiyo naleta maombi manne mbele ya chama chetu, na naomba yajadiliwe katika mkutano ujao, yasiishie katika karatasi hii. Kwanza, jengo la afisi lisichorwe wala kugawanywa vyumba kabla makarani na matarishi wake hawajaulizwa, na majibu yao yaandikwe. Pili, kila tawi lichague hati moja inayoombwa sana, liifuate kutoka dirishani hata kusainiwa, lihesabu hatua, mikono na siku za kungoja, kisha lilete hesabu hiyo. Tatu, penye madirisha mengi ya kazi moja, watu wapange safu moja tu, na aliye mbele aende dirisha lililo wazi, asije mmoja akakwama nyuma ya shauri gumu huku jirani yake akipita. Nne, muhuri, mtunza fedha na masjala vikae pale kazi inapovitaka, na cheo kiridhike na upepo wa feni.

Ndugu wanachama, siku tutakapoitwa tena wavivu, tusijibu kwa manung'uniko. Tuwe na hesabu mkononi: hatua ngapi, mikono mingapi, siku ngapi, na nani aliyepanga hivyo. Hesabu hiyo ni ngumu kukanushwa. Ikiwa baada ya kupangwa vema bado yupo anayelala juu ya meza yake, basi na aitwe mvivu, nami nitakuwa wa kwanza kumwita.

Ni mimi karani mwenzenu,
MPIMA HATUA