Kasisi Mpya wa Mercy

Tamthilia ya vichekesho ikidumu miaka mingi, hufika msimu ambao watungaji wake huanza kuhofu kuwa mtazamaji amechoka. Hapo ndipo mgeni huingizwa. "Little Mosque on the Prairie", iliyoonyeshwa na CBC ya Kanada kuanzia Januari 2007 hadi Aprili 2012, ilifika hapo katika msimu wa nne, na mgeni aliyeingizwa alikuwa kasisi.

Kwa wasioijua, Waislamu wachache wa mji wa kubuni uitwao Mercy, mkoani Saskatchewan, wamekodi ukumbi wa kanisa la Kianglikana wakaufanya msikiti. Imamu wao, Amaar, ni kijana aliyeuacha uwakili Toronto. Katika misimu mitatu ya mwanzo kasisi wa kanisa hilo, Magee, alikuwa rafiki na mshauri wake. Kwa kuwa mlangoni palikuwa na amani, ugomvi ulibaki ndani, na humo ndimo utamu ulimokuwa. Baber, mshikilia dini asiyelegea, ataka kizuizi kati ya wanaume na wanawake msikitini. Rayyan, daktari avaaye hijabu, ampinga kwa hoja za dini ile ile. Ugomvi huo haukuokotwa njiani: mwaka 2005 mtungaji Zarqa Nawaz alikuwa ametoa filamu ya hali halisi, "Me and the Mosque", juu ya nafasi ya wanawake misikitini.

Magee akaondoka, akaja Thorne, kijana mwenye tamaa ya cheo, aliyeazimia kuwaondoa Waislamu kanisani mwake. Tangu hapo mzaha mwingi ukawa ni huu: Thorne atega, Amaar ategua. Kucheka tulicheka. Lakini watu waliozingirwa na adui hukaza safu, na Baber na Rayyan wakapungukiwa na wasaa wa kubishana. Kwetu sisi tunaotazama pamoja na binti zetu, hiyo ni hasara kubwa. Swali la kizuizi huulizwa sebuleni mwetu mara tu runinga izimwapo, na mama hana budi kutafuta jibu. Vitimbi vya Thorne havimuulizi mtoto chochote. Adui ameshindwa, tukalale.

Kilichoiokoa tamthilia ni kundi lake la wachekeshaji. Fatima, mama wa Kinigeria mwenye mkahawa, hamhofu mtu. Hata Fred Tupper, mtangazaji wa redio anayewasimanga Waislamu kila siku, hawezi kujizuia kwenda kula kwake. Naye Baber amechezwa na Manoj Sood, mzaliwa wa Mombasa hii hii, aliyekulia Kanada. (Tuwaachie wazee wa mji watafute alizaliwa mtaa gani.) Ukali wake unachekesha bila ya dini yenyewe kufanyiwa mzaha, kwa sababu twamjua kuwa ni baba aliyeachana na mkewe, anayemlea binti barubaru na kushindwa hoja naye karibu kila siku.

Wenye nafasi jioni za likizo waanze msimu wa kwanza, wasirukie wa nne. Rayyan na Amaar huja wakaoana, lakini wenye pupa ya arusi itawabidi wasubiri.