Gari mbovu: avoka mzuri huuliza kwanza, pesa baadaye

Kwenye mpaka wa Kasumbalesa, katika jimbo la Haut-Katanga, magari ya occasion yanaingia kila siku. Mengi yametoka Japani, yameshuka bandarini Dar es Salaam na kupita Zambia, usukani ukiwa bado kulia. Mjini Lubumbashi kuna familia zinazoyanunua kwa akiba ya miaka mingi au kwa pesa ya likelemba, zikitumaini kwamba taksi italipa masomo ya watoto. Halafu, hata mwezi haujaisha, bwate ya vitesi inaanza kuruka na injini inakunywa oili. Muuzaji akipigiwa simu anajibu: "Si ulijaribu mwenyewe ukakubali?"

Hapo wengi wanakimbilia polisi. Wengine wanamfuata avoka yeyote mwenye jina kubwa. Njia zote mbili zinaweza kumpotezea mnunuzi gari na pesa pamoja.

Polisi kwanza. Kama muuzaji alidanganya kwa makusudi, kwa mfano kwa kurudisha kilometa nyuma, kunaweza kuwa na kosa la jinai. Lakini ubovu wa gari peke yake ni ugomvi wa mkataba, na afisa wa polisi hakuwekwa pale kukusanya madeni. Kumfungisha mtu siku mbili ili atoe dola ni kutumia vibaya sheria, na mara nyingi anayenufaika ni yule anayeshika funguo za kasho.

Sheria inayomlinda mnunuzi ipo, tena ni ya zamani: dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba. Inasema muuzaji anawajibika kwa kasoro zilizofichika zinazofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Anawajibika hata kama hakuzijua, isipokuwa mkataba umesema kwamba hatoi garanti. Kasoro ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe haimo. Mnunuzi anaweza kurudisha gari na kupewa bei yake, au kubaki nalo na kurudishiwa sehemu ya bei. Muuzaji aliyejua ubovu akanyamaza anadaiwa pia fidia ya hasara.

Lakini sheria hiyo inataka mashtaka yafunguliwe katika "muda mfupi", na haikutaja idadi ya siku. Jaji ndiye anayepima, kufuatana na aina ya kasoro na desturi ya mahali. Kwa hiyo avoka anayepokea provizio na kusema "rudi mwezi ujao" ameanza kupoteza kesi kabla hajaifungua. Fundi naye akifungua injini kabla ya mtu yeyote kuandika hali yake, ushahidi umekwenda na oili chafu.

Ndiyo maana avoka wa kesi ya gari anapimwa kwa maswali anayouliza siku ya kwanza. Nani hasa aliuza? Komisionere aliyeleta mteja mara nyingi si mwenye gari, na jina lililo kwenye acte de vente linaweza kuwa tofauti na lile la carte rose. Je, mkataba una maneno "linauzwa kama lilivyo"? Kasoro ilionekana tarehe gani, na nani ameshagusa injini? Je, muuzaji ni mfanyabiashara, na mnunuzi pia alinunua kwa biashara yake? Swali hili la mwisho ni zito, kwa sababu tangu 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, na mauzo kati ya wafanyabiashara yana kanuni zake. Jibu linaweza kubadilisha mahakama na muda wa kushtaki.

Anayeruka maswali hayo na kutaja bei tu, toge yake nzuri haitamsaidia mteja. Anayeahidi "tutashinda, jaji ni mtu wangu" ni wa kukimbiwa. Avoka mwangalifu huomba karatasi, humtafuta huissier na mtaalamu wa kuandika hali ya gari, kisha humwandikia muuzaji barua ya mise en demeure.

Jina kubwa si lazima. Avoka stagiaire anayesimamiwa vizuri na mwenye muda anaweza kufaa kuliko Maître mashuhuri anayetuma watu kuomba kesi iahirishwe. Jambo la lazima ni kuhakikisha kwenye Barreau kwamba jina lake limeandikishwa, kukubaliana honoraire kwa maandishi, kutenganisha pesa yake na gharama za huissier na mahakama, na kudai risiti kila mara. Asiye na uwezo aulize Barreau kuhusu ofisi ya ushauri wa bure, ambayo sheria ya 1979 kuhusu mawakili inaitaka.

Watu watasema avoka atakula kuliko gari lenyewe. Hofu hiyo ina msingi. Kwa gari la dola 4,000, kesi ndefu inaweza kumaliza kile kilichobaki. Lakini avoka mwaminifu ndiye atakayelisema hilo mapema. Muuzaji akikubali kwa saini kulipa nusu ya bwate mpya, hiyo inaweza kuwa na faida kuliko hukumu itakayotoka wakati yeye ameshahama mji.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata dola moja, mnunuzi akae mbele ya avoka na kumuuliza swali moja: "Maître, wiki hii utafanya nini?" Kama jibu ni hotuba tu, asimame, ashukuru, abishe hodi mlango unaofuata.