Mwenye ruhusa ya kuchekesha

Kilio cha mzee mjini Kolwezi, Kongo, huwa na sauti mbili. Ndani, wanawake wameketi chini kumzunguka mjane, wanalia kwa kupokezana. Nje, chini ya turubai, wajukuu wanamtania marehemu: alikuwa bahili, alikopa unga hakurudisha, leo anajifanya amelala ili asidaiwe. Waombolezaji wanaangua kicheko huku wakifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Hakuna anayekasirika. Mjukuu alimtania babu yake akiwa hai, na haki hiyo haizikwi pamoja naye.

Mgeni huweza kudhani ni utovu wa adabu, kumbe ni kazi, tena ina wenyewe. Mtoto wa marehemu haruhusiwi kuifanya. Nchini Tanzania kazi hiyo wamepewa watani: mtani huingia msibani akavaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake, hadi wafiwa wakacheka bila kutaka. Wazee waliopanga hivyo walijua kwamba aliyefiwa hawezi kujichekesha. Lazima atumwe mtu.

Wataalamu wamefika hapo kwa njia yao. Mwaka 2011 Robin Dunbar wa Oxford na wenzake walionyesha kwamba watu waliotoka kucheka pamoja huvumilia maumivu ya mwili zaidi. Kabla yake, mwaka 2003, Rod Martin wa Kanada alitenganisha mizaha inayowaunganisha watu na ile ya mtu kujidhalilisha ili wengine wafurahi. Hii ya pili huandamana mara nyingi na sonona.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa Lualaba, mkoa wa Kolwezi. Enzi za kambi za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kampuni hiyo ilitoa nyumba, posho, shule na hospitali, na watu waliiita baba. Michezo ya kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, kwa Kiswahili cha Katanga, ilisikika redioni na baadaye ikaonekana kwenye televisheni; watu walijicheka wenyewe, lakini walicheka pamoja. Kisha, mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Uliitwa wa hiari. Pamoja na mshahara, wengi walipoteza majirani wa miaka mingi, watu waliojua wakati wa kutania na wakati wa kunyamaza.

Leo watoto na wajukuu wao wengi ni wachimbaji wadogo. Mizaha bado ipo, na makali yake hutisha: kijana anayejiandaa kushuka shimoni anawauliza wenzake nani atamrithi mke wake. Wanacheka, naye anashika kamba. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka katika mgodi wa KOV, hapo Kolwezi, na serikali ikatangaza vifo vya watu 43. Baada ya siku kama ile, mzaha wa kamba huendelea, kwa sababu hakuna neno jingine la kusemea hofu mbele ya wanaume wenzako.

Ndiyo maana ile sifa kwamba watu wa Kolwezi ni wachangamfu haipaswi kupokelewa kama cheti cha afya. Kijana yule hajatumiwa mtu. Anajichekesha mwenyewe, kila asubuhi. Akizidiwa, kituo kinachojulikana cha magonjwa ya akili, Joseph Guislain, kiko Lubumbashi, mwendo wa kilomita 300 hivi. Mkoa unaouzia dunia kobalti ya betri unaweza kugharamia wauguzi waliofundishwa kusikiliza, katika vituo vya afya vya mitaani na katika ushirika wa wachimbaji.

Wauguzi hao wangeweza kuanza na mjane. Kilio kikiisha, turubai linakunjwa, viti vya kukodi vinarudishwa, wajukuu wanapanda basi kwenda Likasi na Lubumbashi. Wiki ya pili hakuna anayebisha hodi. Koti la mzee bado linaning'inia nyuma ya mlango, na hakuna wa kulivaa akaiga mwendo wake.