"Tumbo" halimtoshi daktari

Juzi nilimsindikiza mama mmoja wa Bukavu, mteja wangu wa vitenge hapa Kikuubo, hadi zahanati moja jijini Kampala. Muuguzi akamuuliza anaumwa wapi. "Tumbo, dada." Muuguzi yule ana Kiswahili cha kuombea maji. Akili yake ikaenda kwenye olubuto, neno ambalo kwa Kiganda ni tumbo na pia ni mimba, akamtuma kupima mimba. Saa mbili baadaye daktari alimgonga mgongoni, chini ya mbavu, naye akaruka kwa maumivu. Zilikuwa figo.

Viungo vya nje havitusumbui. Mkono ni omukono, mgongo ni omugongo. Tukiingia ndani ndipo tunapoachana: ini ni ekibumba, mapafu ni amawuggwe. Na hata sisi tunaojiita waswahili tumezoea kuita "tumbo" kila kilicho kati ya kifua na nyonga. Humo mna mfuko wa chakula, utumbo, ini upande wa kulia, bandama kushoto, na kwa wanawake mfuko wa uzazi. Figo ziko nyuma ya hivyo vyote, karibu na mgongo.

Mfanyabiashara hapaswi kushindwa na mpangilio huu. Chakula husagwa, utumbo mwembamba hunyonya virutubisho, na damu inayovibeba hupitia kwanza kwenye ini kabla ya kwenda moyoni. Ini ndilo forodha. Figo nazo huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, zikarudisha karibu yote, na kutoa lita moja au mbili tu za mkojo. Kazi hiyo inataka maji. Lakini nani kati yetu hunywa maji akipanda basi la usiku la Nairobi? Tunajinyima makusudi, kwa kuogopa kumwomba dereva asimame. Mkojo ukiwa mzito kila wiki, chumvi zake huweza kuganda zikawa mawe. Mama yule husafiri hivyo mara mbili kwa mwezi.

Mwaka 2020 tulipimwa joto na kuchokonolewa pua katika kila mpaka, Busia, Malaba, Mutukula. Serikali zilijua njia ya kuifikia miili yetu zilipotuogopa. Sasa zitufikie kwa faida yetu. Baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na Jumuiya ina Kamisheni yake ya Kiswahili kule Zanzibar. Ningewaomba kitu kidogo: mchoro mmoja wa mwili, mbele na nyuma, wenye majina kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, ubandikwe vituo vya mpakani na mapokezi ya zahanati. Mgonjwa aweke kidole panapouma.

Najua nitaambiwa madaktari husoma kwa Kiingereza. Wasome. Mulago imefundisha udaktari tangu 1924 na hakuna anayedai upasuaji uhamie Kiswahili. Ila anayeumwa hakupitia darasa hilo, na pale mapokezi yeye ndiye anayepaswa kusema kwanza.

Mama wa Bukavu alilipia kipimo cha mimba. Ana miaka 58.