Maharusi, Safari ya Visiwani Isiwe Mbio



Sisi wa Tunduma tuko mbali na bahari. Kutoka mpakani na Zambia hadi bandarini Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na sehemu kubwa ya njia uko nyuma ya malori. Hata hivyo, bi harusi akija kwetu kupimwa gauni, ukimuuliza fungate wapi, jibu ni lile lile: Zanzibar. Hatumlaumu, nani hapendi bahari? Tunachotaka kusema leo ni kuhusu namna ya kufika huko.

Bi harusi mmoja tuliyemshonea alirudi dukani wiki mbili baada ya ndoa. Tulidhani anatuletea haluwa. Kumbe alileta gauni la walima lipunguzwe kiuno, maana lilikuwa linampwaya. Walipanda basi usiku uleule wa walima, wakafika Dar kesho yake wamechoka hoi, asubuhi wakaingia kwenye boti na akatapika hadi bandari ya Malindi. Siku tatu wakakimbizana na Changuu, Nungwi na Paje, kisha basi tena kurudi. Swala kadhaa zilimpita garini. Basi liliposimama watu wachimbe dawa, yeye na baibui lake aliona haya kuingia porini, kwa hiyo akaamua kutokunywa maji njia nzima. Akatuambia, "Dada, mume wangu nimemwona akiwa amelala tu." Na pesa ya safari? Ilitoka kwenye mahari yake, naye hakuulizwa.

Tuanze na hilo la mwisho. Mahari ni haki ya mwanamke, Qur'ani imeliweka wazi katika Surat An-Nisaa. Akitoa sehemu kwa ridhaa yake, ni hiari yake. Kumchukulia kimyakimya kwa sababu "si tunakwenda wote" siyo mapenzi. Kama pesa haitoshi, safari ifupishwe au isubiri.

Sasa turudi kwenye safari yenyewe. Wazee wetu waliita fungate zile siku saba ambazo maharusi walikaa ndani, wakapikiwa na kuhudumiwa, ili wazoeane. Sisi tumezigeuza siku saba za kushuka na kupanda magari. Msimamo wetu ni huu: fungate ya safari ipangwe kwa vipande vifupi, na hesabu yake iwe ya swala na mapumziko, siyo ya idadi ya sehemu mlizopiga picha. Toka baada ya Alfajiri, fika mapema jioni, ulale kitandani.

Wenye siku kumi wanaweza hivi. Siku ya kwanza ni Tunduma hadi Mbeya, na njiani, upande wa Mbozi, mnaingia Ndolezi kukiona kimondo, lile jiwe la chuma la tani zaidi ya kumi lililoshuka kutoka angani. Tumezaliwa karibu nalo na wengi wetu hatujawahi kuligusa! Siku ya pili ni Mbeya hadi Iringa kupitia Makambako na Mafinga. Hicho ni kipande kirefu, kama kilomita 330, kwa hiyo msichelewe kutoka. Siku ya tatu mnateremka Kitonga, mnapita bonde la mibuyu, kisha barabara inakata ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako twiga na tembo huonekana dirishani. Mnalala Morogoro. Siku ya nne ni Dar, chini ya kilomita 200, na siku hiyo msipande boti. Laleni.

Siku ya tano mnavuka kwenda Unguja, mwendo wa kama saa mbili kwa boti iendayo kasi. Hapo chagueni makazi mawili tu. Mji Mkongwe siku mbili, na asubuhi moja mwende Changuu kuwaona makobe wakubwa. Kisha mhamie kusini au mashariki, mkipitia msitu wa Jozani wenye kima punju, na Kizimkazi Dimbani penye msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Mkiswali pale mtajua Uislamu wa pwani yetu ulianza zamani sana. Siku zilizobaki kaeni ufukweni bila ratiba. Pemba na kisiwa cha Misali vinastahili safari yao, msivibane hapa. Siku ya kumi mrudi kwa ndege ya Dar hadi uwanja wa Songwe, pale Mbalizi.

Mwenye siku tano asidanganyike na kuvuka. Aende Matema, Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, alale Mbeya au Tukuyu njiani. Maji si lazima yawe ya chumvi.

Kuhusu swala, msafiri amerahisishiwa. Adhuhuri, Alasiri na Isha anaswali rakaa mbili mbili, na anaruhusiwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Maghrib na Isha. Lakini ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, kwa madhehebu yetu ya Shafi unarudi kuswali kamili. Keti na ustadhi wako na ratiba mkononi kabla hujaondoka. Na cheti cha ndoa kiwe kwenye mkoba pamoja na vitambulisho, mpokezi wa nyumba ya wageni akiuliza msibabaike.

Mtatuambia kulala njiani ni gharama. Ni kweli. Basi tuseme jambo linalotupunguzia kazi sisi wenyewe: gauni la tatu la kubadilisha ukumbini liacheni. Mtu hulivaa saa moja, halafu linakaa kabatini. Pesa yake ilipe vyumba vya Mbeya, Iringa na Morogoro.

Nanyi dada zetu wa Unguja na Pemba mnaotupokea, mkimwona bi harusi wa bara ameshika orodha ya sehemu kumi kwa siku tatu, mshaurini apunguze. Na anapopanga mwezi, mwambieni kuhusu upepo wa kusi, maana boti za Juni na Julai hazimfai mtu ambaye bahari hajawahi kuiona.

Yule bi harusi wetu gauni tulimpunguzia bila malipo. Tulimwombea dua, nasi tunaendelea kuwaombea nyote: Mwenyezi Mungu awape maharusi wetu safari nyepesi na nyumba zenye utulivu. Amin.